Wiki ya mwisho Tabora: mwongozo kamili kwa kidato cha sita wanaomaliza mtihani na kusubiri matokeo

Mtihani wa taifa wa kidato cha sita huanza mwanzoni mwa Mei, na matokeo hutangazwa Julai. Wengi hukichukulia kipindi cha katikati kuwa cha kupumzika tu. Kwa anayemalizia Tabora hakiko hivyo. Tabora Boys, Tabora Girls, Milambo na Kazima hupokea vijana waliopangiwa kutoka Kigoma, Katavi, Shinyanga, Mwanza na mbali zaidi, na wakishavuka geti na matranka yao, shule inakuwa mbali. Karatasi uliyoisahau ofisini mwezi Mei itakudai Julai nauli ya kwenda na kurudi, tena siku ambazo dirisha la udahili limefunguliwa na wenzako wanajaza fomu.

Kwa hiyo wiki ya mwisho ina kazi moja kubwa: kila kinachohitaji muhuri au saini ya shule kimalizike ukiwa bado unalala bwenini. Yanayobaki yatafanyika nyumbani, nayo nitayaeleza kwa utaratibu wake.

Hatua ya 1: Mtihani uishe kwanza

Usianze kuhangaikia vyeti huku una karatasi mbele yako. Tenga muda mfupi jioni, labda nusu saa, kwa ajili ya mambo ya nyaraka. Muda mwingine wote ni wa karatasi inayofuata. Ukitoka chumba cha mtihani, usisimame kwenye kundi linalolinganisha majibu. Uliyoandika yameshafungwa kwenye bahasha, na hofu utakayotoka nayo pale utaingia nayo kwenye karatasi ya kesho. Lala ndani ya chandarua hata kama joto linakusumbua, maana Tabora na Kigoma ni mikoa ya malaria, na homa ya wiki hii ina gharama kubwa kuliko homa ya wiki yoyote nyingine.

Namba yako ya mtihani, ile inayoanza na S ikifuatiwa na namba ya kituo, mkwaju na namba yako, iandike mahali pawili nje ya kichwa chako. Andika pia namba yako ya kidato cha nne pamoja na mwaka uliofanya. Hiyo ya kidato cha nne wengi huwa wameshaisahau, na ndiyo utakayoingia nayo kwenye mfumo wa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB.

Hatua ya 2: Piga simu nyumbani kabla hujaondoka

Wengi hupiga simu kuomba nauli tu. Wewe ongeza jambo la pili. Mazungumzo yawe kama hivi:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mtihani unaendaje?"

"Tunamshukuru Mungu baba, tumebakiza karatasi mbili. Naomba unitafutie cheti changu cha kuzaliwa, ukipige picha, unitumie leo kwenye simu ya mwalimu. Nataka kulinganisha majina kabla sijatoka shule."

Picha hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama una wiki nyepesi au una kazi.

Hatua ya 3: Majina

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wenye ufaulu mzuri wanapokwama. Chukua karatasi uandike jina lako kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Chini yake liandike kama lilivyo kwenye matokeo ya kidato cha nne, kisha kama lilivyo kwenye usajili wa kidato cha sita. Soma herufi moja moja. Mariam na Mariamu kwa mama yako ni mtoto yule yule, lakini kwenye mfumo wa kompyuta ni watu wawili. Saidi na Said vivyo hivyo. Angalia pia mpangilio: jina la babu limeandikwa huku likaachwa kule? Jina la ubatizo limechukua nafasi ya jina la nyumbani? Huku kwetu magharibi mtoto huweza kuandikishwa shule kwa jina la ukoo wa mjomba aliyemlea, na hakuna anayeliona tatizo hadi siku ya fomu ya chuo.

Ikiwa kosa liko kwenye usajili wa kidato cha sita, mwone mwalimu wa taaluma leo, usingoje kesho. Shule ndiyo inayowasiliana na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, juu ya taarifa za watahiniwa wake, na marekebisho kabla matokeo hayajatoka ni rahisi kuliko baada ya cheti kuchapishwa. Ikiwa kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, hilo ni la RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na huduma zake hupatikana kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Ikiwa vyeti vyote viwili vimeshatoka na majina hayafanani, utahitaji hati ya kiapo mbele ya wakili, na pengine hati rasmi ya kubadili jina iliyosajiliwa. Usikubali mtu akuambie "andika tu lolote, watakuelewa". Mfumo wa kompyuta hauna wa kukuelewa. Utakurudisha mwanzo.

Hatua ya 4: Klirensi

Chukua fomu ya klirensi, ile ya kuthibitisha kuwa hudaiwi kitu na shule, mapema, siku mbili tatu kabla ya karatasi ya mwisho, ujue kuna saini ngapi. Kwa kawaida utapita maktaba, maabara, stoo, michezo, bwalo, patroni au matroni wa bweni, kisha mhasibu. Anza na maktaba. Kitabu ulichomwazima rafiki wa mchepuo mwingine ndicho kitakachokuchelewesha, kwa sababu naye amemwazima mwingine.

Ukiwa na deni, usilikwepe. Mwone mhasibu, uliza kiasi kamili na uombe kiandikwe, kisha mpe mzazi taarifa. Mzazi akishindwa kulipa lote kwa wakati mmoja, mwambie aongee na mkuu wa shule mwenyewe. Mkuu wa shule akipigiwa simu na mzazi kwa heshima, mara nyingi hupatikana njia.

Kabla hujatoka hakikisha una cheti cha kumaliza shule, chenye picha yako, saini ya mkuu na muhuri unaosomeka. Shule nyingine hukitoa siku ya kuondoka, nyingine hungoja klirensi ikamilike. Uliza ya kwako ina utaratibu gani. Muhuri ukiwa hafifu, omba upigwe tena. Cheti chenyewe cha NECTA cha kidato cha sita hakipo bado. Kitaletwa shuleni baadaye, nawe utakifuata, kwa hiyo chukua namba ya simu ya ofisi ya taaluma ili usisafiri kabla hakijafika.

Na sare: msizichane wala kuzichoma. Wapo wadogo zenu wa kidato cha tano wenye shati moja. Ukimwachia mmoja sketi au suruali yako, umemsaidia kwa mwaka mzima.

Hatua ya 5: Cheti cha kidato cha nne

Je, unacho mkononi? Sisemi karatasi ya matokeo uliyochapisha stesheneri, nasema cheti halisi. Vyeti vya kidato cha nne hupelekwa shule uliyofanyia mtihani, na wapo wanaofika kidato cha sita hawajawahi kukifuata. Kama chako bado kiko Kasulu, Kibondo au Nzega, panga safari ya kurudi nyumbani ipitie hapo. Kukipitia ukiwa tayari njiani ni nauli ndogo. Kukifuata baadaye ni safari nyingine.

Hatua ya 6: Namba moja ya simu, barua pepe moja

Wapuuzao jambo hili hulijutia. Vyuo hutuma majibu ya udahili kwa ujumbe wa simu. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, unapaswa kuthibitisha kimoja tu kwa namba ya siri itakayotumwa kwenye simu uliyoandika. Ukiandika laini ya rafiki wa bwenini, ujumbe wako utakwenda Mpanda wewe ukiwa Uvinza. Tumia laini itakayokuwepo miaka mingi. Kama huna kitambulisho cha taifa na laini ni ya mama, sawa, lakini mama ajue kuwa hapaswi kuibadilisha wala kufuta ujumbe asiouelewa.

Fungua barua pepe yenye jina lako halisi, neno la siri uliandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Majina ya utani kwenye barua pepe yaishie shuleni.

Hatua ya 7: Safari

Treni ya Kigoma haipiti kila siku. Ukijua tarehe ya karatasi yako ya mwisho, tuma mtu stesheni akaulize siku na nafasi, kwa sababu shule zote za mjini hufungua mageti karibu kwa wakati mmoja. Wanaokwenda Mpanda reli yao huchepuka Kaliua. Wa Nzega, Igunga na Sikonge wana mabasi.

Nyaraka zisikae kwenye tranka. Tranka huwekwa kwenye buti au kwenye behewa la mizigo, na hapo huna macho. Vyeti viwe kwenye bahasha ngumu ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya begi unaloliweka mapajani. Kabla ya safari, vipige picha vyote kwa mwanga mzuri na ujitumie kwenye barua pepe yako. Hata simu ikiibiwa njiani, nakala zitabaki.

Hatua ya 8: Wiki mbili za kwanza nyumbani

Pumzika siku chache, umestahili. Kisha anza.

Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA. Uhakiki hufanyika kwa mtandao, na bila huo maombi ya mkopo hayakamiliki. Aliyefiwa na mzazi ahakiki na cheti cha kifo. Kama mazishi yalifanyika bila cheti kuchukuliwa, jambo la kawaida vijijini, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, maana itachukua muda.

Ukiwa umetimiza miaka 18, nenda ofisi ya kijiji au mtaa uchukue barua na fomu, kisha ofisi ya wilaya ya NIDA, wanaotoa kitambulisho cha taifa. Unachotafuta kwa sasa ni namba yenye tarakimu 20. Kadi yenyewe inaweza kuja baadaye. Jina litakaloandikwa pale lifanane na lile la vyeti. Simama mbele ya karani ulisome kabla hajahifadhi.

Mkopo: ada ya maombi HESLB ni shilingi 30,000. Ukishajaza kwenye mfumo, unachapisha fomu, unaisaini wewe na mdhamini wako, kisha inasainiwa na kupigwa muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, halafu wakili au hakimu kama kamishna wa viapo. Ndipo unairudisha kwenye mfumo. Kurasa zenye saini zikikosekana, maombi hayajakamilika hata kama umelipa. Familia iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iweke namba ya kaya. Mwenye ulemavu, au mzazi mwenye ulemavu, atafute uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Aliyesomeshwa na mfadhili sekondari alete barua yake. Usione haya kuandika hali ya nyumbani ilivyo. Mkopo huu uliwekwa kwa ajili ya mtoto wa mkulima wa Kakonko sawasawa na mtoto wa mjini.

Neno kwa wazazi wa Urambo, Kaliua na Sikonge: Mei hadi Julai tumbaku iko sokoni. Fedha ikiingia, tengeni mapema ya maombi ya chuo, picha, nakala, wakili na nauli. Muda wa kuripoti chuoni ukifika, shamba jipya linaanza kudai na mfukoni hamna kitu.

Hatua ya 9: JKT

Wahitimu wa kidato cha sita huitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, na wito hutoka mara nyingi kabla ya matokeo. Majina hutangazwa kwenye tovuti ya JKT kwa kufuata shule na kambi. Unaweza kupangiwa Msange hapa Tabora, Bulombora, Mtabila au Kanembwa mkoani Kigoma, au mbali kabisa, Nachingwea ama Oljoro. Wenye ulemavu unaoonekana kwa macho hupangiwa Ruvu, Mlandizi.

Soma tangazo la mwaka wako neno kwa neno. Kwa kawaida huhitaji bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu na inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, suti ya michezo ya kijani au bluu, nguo za baridi kwa kambi za mikoa ya baridi, na nauli ya kwenda na kurudi. Bukta na shuka hupanda bei wito ukishatoka. Anayejua mhitimu wa mwaka jana amwombe zake.

Lililo muhimu kuliko bukta ni hili: matokeo yanaweza kukukuta kambini. Tangazo huwa linataka uende na nyaraka zako za udahili, kama cheti cha kuzaliwa na vyeti vya kidato cha nne. Nenda nazo, lakini acha seti nyingine ya nakala nyumbani, pamoja na orodha ya kozi na vyuo unavyovitaka kwa mpangilio, neno la siri la barua pepe na jina la mtu mmoja utakayemkabidhi kazi. Awe kaka, dada au mwalimu anayejua kompyuta. Mkabidhi mbele ya mzazi. Na kila karatasi ya mkopo inayohitaji saini yako uisaini kabla hujaripoti, kama dirisha limeshafunguliwa.

Hatua ya 10: Jifunze kusoma matokeo kabla hayajatoka

Kwa NECTA, A ni alama 80 kwenda juu, B ni 70 hadi 79, C 60 hadi 69, D 50 hadi 59, E 40 hadi 49, S 35 hadi 39, na chini ya hapo ni F. A hupewa pointi 1, na zinapanda hivyo hadi F yenye 7. Masomo matatu ya tahasusi hujumlishwa: pointi 3 hadi 9 daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne, 20 na 21 sifuri. GS (General Studies) na BAM (Basic Applied Mathematics) hazimo kwenye hesabu hiyo.

Sasa geuza kichwa. Kwenye udahili wa vyuo vikuu, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, huhesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Huku pointi nyingi ndizo nzuri. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ni prinsipo (somo lenye ufaulu wa A hadi E) mbili zenye jumla ya pointi 4, yaani D mbili, au C na E. Na prinsipo hizo ziwe kwenye masomo ambayo kozi husika inayataka. Mtu wa PCB mwenye daraja la tatu aliyefaulu Baiolojia na Kemia lakini Fizikia akapata S anaweza kukosa kozi moja na kupata nyingine nzuri. Mwenzake mwenye daraja lile lile akawa na picha tofauti kabisa. Ndiyo maana nasisitiza: daraja ni la kusimulia jirani, kozi huangalia somo moja moja.

Tumia Juni kupitia mwongozo wa udahili wa TCU. Andika kozi sita: mbili za ndoto yako, mbili unazoziweza kwa wastani wako wa majaribio, mbili za chini ya hapo ambazo bado ungezisoma kwa moyo. Kozi ambayo huwezi kuivumilia usiiandike hata mwisho wa orodha, maana inaweza kuwa ndiyo utakayopata.

Hatua ya 11: Zungumza na wazazi mapema

Usingoje siku yenyewe. Jioni moja baada ya chakula, waonyeshe zile kozi na uwaeleze itakuwaje ukipata hivi na itakuwaje ukipata vile. Mzazi aliyesikia mpango wa pili mwezi Juni hatashtuka Julai. Na wewe mzazi, ukimwambia mtoto "usipopata One usirudi hapa", unamfungia mlango ambao siku hiyo atauhitaji kuliko siku zote. Kijana akikosa usingizi, akakataa kula au kujitenga na watu kwa siku nyingi, kaa naye, msikilize, mpeleke kituo cha afya kama hali inaendelea. Usimwache peke yake siku ya kutangazwa matokeo.

Hatua ya 12: Siku ya matokeo

Matokeo hutolewa na NECTA kwenye tovuti yake, necta.go.tz, na asubuhi hiyo tovuti huwa nzito. Njia nyingine ni kupiga *152*00# kwenye simu ya kawaida na kufuata sehemu ya elimu. Huna sababu ya kulipa mtu yeyote ili akuonyeshe. Atakayekupigia akisema anaweza kubadilisha alama kwa fedha ni tapeli. Kata simu, mwambie mzazi, toa taarifa polisi.

Ukiona somo limetoka tofauti kabisa na ulivyoandika, NECTA hupokea rufaa kwa ada na kwa muda maalumu baada ya kutangaza. Ongea na mwalimu wa somo kwanza, yeye anakujua, kisha amua haraka.

Asiyefikisha prinsipo mbili ana njia za kweli. Stashahada ikikamilika kwa wastani wa 3.0 humfungulia shahada. Tabora kuna chuo cha ufugaji nyuki, Chuo cha Ardhi na tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Kigoma kuna FETA kwa mambo ya uvuvi, na VETA, vyuo vya ufundi stadi, ipo mikoa yote miwili. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, HESLB hukopesha pia stashahada kwenye fani za kipaumbele. Chuo Kikuu Huria kina programu ya msingi kwa waliopungukiwa. Na anayetaka kurudia mtihani ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea mapema, kwa sababu usajili hufungwa miezi mingi kabla ya Mei inayofuata. Achague kituo karibu na nyumbani na amwombe mwalimu wake wa zamani ruhusa ya kuingia vipindi vya maabara.